Kifungashio cha atomiki kinapokudanganya: kutoka dalili hadi chanzo katika msimbo wa kerneli

Kaunta inasema 41 wakati faili zilizofunguliwa ni 42. Draiva inafanya kazi wiki nzima kwenye mashine ya x86, ikihamishiwa kwenye ARM inaanza kutoa pakiti zenye urefu sifuri. Kiini kimoja cha kichakataji kinazunguka pasipo kutoka, na logi inajaa malalamiko. Ukifukua chini ya kila moja ya hizi, mara nyingi unakuta fanksheni ya mistari mitatu ambayo mtu aliiandika kwa nia njema, ili wenzake wasilazimike kushika operesheni atomiki, yaani zile ambazo kiini kingine hakiwezi kuziona zikiwa nusu, kwa mikono mitupu.

Fanksheni ya namna hiyo ndiyo ninayoiita kifungashio. Kazi yake ni kuficha amri za kichakataji. Balaa huanza inapoficha na ahadi zake: nani ataona nini kabla ya nini, thamani ina upana gani, na nani mwingine anaruhusiwa kuigusa. Mifano mingi nitaitoa Linux, kwa sababu kanuni zake za atomiki zimeandikwa waziwazi ndani ya msimbo wenyewe, ila anayejenga kerneli yake atakutana na haya haya.

Kabla ya kubadilisha mstari wowote

Usianze kwa kunyunyiza vizuizi vya kumbukumbu (amri zinazozuia kusoma na kuandika kupangwa upya) kila mahali mpaka hitilafu ipotee. Itapotea, ndiyo, kwa sababu umebadilisha muda wa utekelezaji, kisha itarudi mwezi mwingine ikiwa na sura nyingine.

Anza na asembli. Endesha `objdump -d` kwenye faili ya `.o` na utazame kifungashio kilizaa amri gani pale kilipoitwa, si pale kilipoandikwa, maana kwa kawaida ni `inline` na kompaila hukichanganya na msimbo wa mwitaji. Kwenye x86 tafuta kiambishi `lock`. Kwenye ARM64 tafuta herufi za mwisho za amri: `ldadd` haina mpangilio wowote, `ldadda` inachukua (acquire: yanayofuata hayatangulii mbele yake), `ldaddl` inaachia (release: yaliyotangulia hayabaki nyuma yake), `ldaddal` inafanya yote mawili. Herufi moja tu, na ndiyo tofauti kati ya draiva nzima na draiva mbovu. Kerneli iliyojengwa kuendana na vichakataji vya zamani vya ARM64 itakuonyesha njia mbili kwa kila operesheni, ile ya `ldxr` na `stxr` na ile ya amri mpya za ARMv8.1. Soma zote.

Halafu tafuta kila mahali uga huo unapoguswa bila kupitia kifungashio. Hilo la pili watu huliruka, na ndilo linaloumbua wengi.

Kaunta inapoteza hesabu

Chanzo cha kwanza kinaonekana kwa macho:

```
static inline void ongeza(atomic_t *k)
{
	atomic_set(k, atomic_read(k) + 1);
}
```

Kusoma ni kwa atomiki, kuandika ni kwa atomiki, na kati yao kuna mlango uliowachwa wazi. Viini viwili vikisoma 41 kwa pamoja, vyote vitaandika 42, na ongezeko moja limepotea. Tumia `atomic_inc`. Kifungashio kikiwa na operesheni mbili ndani yake, jiulize kitatokea nini intarapti ikiingia katikati. Jibu likikutia wasiwasi, basi hicho si kitu kimoja.

Chanzo cha pili ni mtu aliyepita mlango wa nyuma. Katika Linux `atomic_t` ni strakti yenye uga mmoja, `counter`, na imefanywa strakti kwa makusudi ili `k++` isikubalike na kompaila. Lakini `k->counter++` inakubalika. Kwenye x86 hiyo inaweza kuwa amri moja ya `incl` isiyo na `lock`, na kwa kuwa intarapti haiwezi kukata amri moja katikati, kwenye mashine pepe ya kichakataji kimoja majaribio yote yatapita. Weka vichakataji vinne, hesabu inaanza kuvuja. Tafuta `->counter` kwenye msimbo wako wote. Isionekane popote nje ya utekelezaji wa atomiki wenyewe.

Chanzo cha tatu ni nadra, lakini ukikipata hukisahau. Si kila kichakataji kina amri ya kulinganisha na kubadilisha (compare-and-swap: andika mpya iwapo tu thamani bado ni ile ya zamani). Kwenye PA-RISC, kwa mfano, Linux huiga operesheni za atomiki kwa kufuli zinazochaguliwa kutokana na anwani ya kigeu. Ukiandika kifungashio cha aina hiyo, utajiambia kwamba `atomic_set` haihitaji kufuli, ni kuandika tu. Fikiria sasa: kiini cha kwanza kimeshika kufuli kinatekeleza "ongeza moja kama si sifuri", kimesoma 1. Kiini cha pili kinaandika 0 bila kufuli. Cha kwanza kinamalizia kwa kuandika 2. Sifuri imemezwa, na kigeu kimefufuka. Pale atomiki inapoigwa kwa kufuli, hata kuandika kwa kawaida lazima kupitie kufuli ile ile.

Salama kwenye x86, inavunjika kwenye ARM

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza siku tatu za maisha yangu.

Draiva ilikuwa na mzunguko wa vielezo vya pakiti, yaani rekodi zenye anwani na urefu wa kila pakiti. Kila kielezo kililindwa na biti moja: ukiikuta imewashwa, kuna mwenyewe. Vifungashio vilikuwa viwili, `shika_kielezo` kilichoita `test_and_set_bit`, na `achia_kielezo` kilichoita `clear_bit`. Kwenye x86 hakuna aliyewahi kulalamika. Kwenye ubao wa ARM64, baada ya saa chache za msongamano, msomaji aliishika biti, akafungua kielezo, na kukuta urefu ni sifuri huku anwani ikiwa sahihi kabisa. Nilituhumu kifaa, nikatuhumu kashe, nikaituhumu hata nyaya.

Chanzo kilikuwa `clear_bit`. Kanuni ya Linux inasema hivi: operesheni ya kusoma-badilisha-andika isiyorudisha thamani haina mpangilio wowote; inayorudisha thamani ina mpangilio kamili; na ile yenye sharti, sharti likishindwa, haina mpangilio. `test_and_set_bit` inarudisha thamani, kwa hiyo kushika kulikuwa salama. `clear_bit` hairudishi kitu. Kichakataji cha ARM kilikuwa na haki ya kuionyesha biti iliyozimwa kwa wenzake kabla ya urefu ulioandikwa mstari mmoja juu yake. Mlango ulifunguliwa kabla mizigo haijapangwa ndani.

Mbona x86 ilinyamaza? Kwa sababu kwenye x86 kila amri yenye `lock` ni kizuizi kamili, utake usitake. Mpangilio ulikuwepo kama bahati ya mashine, si kama ahadi ya kifungashio. Tiba ilikuwa neno moja: `clear_bit_unlock`. Kwenye asembli ya ARM64 `stclr` iligeuka `ldclrl`, ile `l` ya mwisho ikiwa ndiyo "achia".

Kutokana na kisa hicho nina mazoea mawili. Kwanza, jina la kifungashio libebe mpangilio wake. Kama kinaachia, kiite jina la kuachia, na ndani kitumie aina ya `_release`. Kama hakina mpangilio, kiishie na `_relaxed` ili msomaji ashtuke. Kifungashio kiitwacho `weka_bendera` kinachoacha mwitaji akisie, kwangu ni hitilafu hata kabla hakijavunja kitu. Pili, kila kuachia kuwe na kuchukua kwake. `smp_store_release` upande mmoja bila `smp_load_acquire` upande wa pili ni kama kufunga barua kwa lakiri na kumpa mtu asiyejali lakiri. Kwenye maoni ya msimbo andika jozi yake iko fanksheni gani. Si urembo, mtu akija kufuta upande mmoja ajue anavunja upande wa pili.

Ukilazimika kubaki na `atomic_inc` isiyo na mpangilio na unahitaji kizuizi, kuna `smp_mb__before_atomic` na `smp_mb__after_atomic`. Kwenye x86 hizo hazizai amri yoyote, kwa sababu `lock` imeshafanya kazi. Usizitumie kando ya kusoma au kuandika kwa kawaida, kama vile `atomic_set`. Hazikutengenezewa kazi hiyo, na kwenye x86 hutapata kizuizi chochote cha kichakataji.

Mlalaji haamki, na hii haihitaji ARM

Uzi mmoja unaandika "nimelala" kisha unaangalia kama kazi ipo. Mwingine unaandika "kazi ipo" kisha unaangalia kama kuna aliyelala. Mara moja kati ya mara nyingi sana, wa kwanza analala na wa pili hamwamshi. Umeweka kuachia na kuchukua kila mahali na bado.

Hiyo ni kuandika kukifuatwa na kusoma mahali pengine, na ndio mpangilio pekee ambao x86 nayo inauvunja kwa kumbukumbu ya kawaida: kinachoandikwa kinasubiri kwenye bafa ya kiini huku usomaji unaofuata ukiwa umeshatangulia. Kuachia na kuchukua haviuzuii. Kinachouzuia ni `smp_mb` katikati, pande zote mbili, au operesheni inayorudisha thamani, ambayo ni kamili kwa asili yake. Ukiona kifungashio kinachoangalia `waitqueue_active` (je, kuna anayesubiri?) bila kizuizi kamili mbele yake na bila kufuli, umempata mhalifu.

Kompaila inahamisha mizigo

Wanaojenga kerneli zao wenyewe huanza hivi:

```
static inline int badilisha(int *p, int mpya)
{
	asm volatile("xchgl %0, %1" : "+r"(mpya), "+m"(*p));
	return mpya;
}
```

Amri yenyewe haina kosa; `xchg` ikigusa kumbukumbu hujifunga yenyewe bila `lock`. Kosa ni kwamba kompaila haijaambiwa chochote kuhusu kumbukumbu nyingine. `volatile` inaizuia kufuta asembli hii au kuipanga upya dhidi ya asembli nyingine za `volatile`, lakini haiizuii kuhamisha uandishi wa kawaida kutoka ndani ya eneo lililofungwa kwenda nje. Kwa hiyo kufuli yako inafungwa barabara, na data iliyopaswa kulindwa inaandikwa nje ya kufuli. Ongeza `: : "memory"` mwishoni.

Dalili inayotambulisha kosa hili: hitilafu inaonekana kwa `-O2` na kutoweka kwa `-O0`, au inatoweka ukiongeza mstari wa kuchapisha. Usifurahi ikitoweka.

Ndugu yake ni kitanzi cha kusubiri, `while (!tayari) ;`, ambapo `tayari` ni kigeu cha kawaida. Kompaila haioni anayekibadilisha ndani ya kitanzi, kwa hiyo inakisoma mara moja kisha inazunguka milele juu ya rejista. `READ_ONCE` hutibu usomaji huo. Kama baada ya kitanzi unasoma data iliyotayarishwa, hiyo haitoshi, tumia `smp_load_acquire`.

Kitanzi cha kulinganisha na kubadilisha hakiishi

Hiki nimekiona kwa watu hodari kuliko mimi:

```
static inline bool jaribu(atomic_t *k, int zamani, int mpya)
{
	return atomic_try_cmpxchg(k, &zamani, mpya);
}
```

Na mwitaji:

```
int z = atomic_read(k);
while (!jaribu(k, z, z | BENDERA))
	cpu_relax();
```

`atomic_try_cmpxchg` ikishindwa huandika thamani mpya iliyoiona kwenye kielekezi ulichoipa. Hapa kielekezi ni cha nakala iliyo ndani ya kifungashio, na nakala hiyo inakufa fanksheni inaporudi. `z` ya mwitaji inabaki ile ile ya mwanzo. Jaribio la kwanza likishindwa, yote yanayofuata yatashindwa, hadi kigeu kirudi kwa bahati kwenye thamani ya zamani. Kwa kichakataji kimoja majaribio yanapita. Kifungashio kipokee `int *zamani`, na mwitaji ahesabu `mpya` upya kila mzunguko.

Kuna kitanzi kisichoisha kingine kinachowachanganya wanaofuatilia kwa debaga. Kwenye ARM na RISC-V atomiki zinaweza kujengwa kwa jozi: soma kwa kuweka alama, kisha andika iwapo alama haijaguswa. Ukipita amri moja moja kwa debaga, kila kusimama kunafuta alama, na uandishi hautafaulu kamwe. Mashine haina ugonjwa. Weka kituo baada ya kitanzi. Ila usije ukagawanya jozi hiyo kuwa fanksheni mbili za C, moja ya kusoma na moja ya kuandika. Kompaila itaweka vitu vyake kwenye rundo la kumbukumbu (stack) katikati, na alama inaweza kupotea kila mara. RISC-V imeweka mipaka wazi: ili kitanzi kihakikishiwe kufaulu hatimaye, amri zake zisizidi 16 na katikati kusiwe na kusoma wala kuandika kumbukumbu nyingine. Jozi yote iandikwe ndani ya kipande kimoja cha asembli.

Upande wa pili wa sarafu ni kitanzi kinachofaulu wakati hakikupaswa. Orodha ina kitu A kichwani. Unakisoma, kinaondolewa, kumbukumbu yake inaachiwa, inatumika kwa kitu kipya, nacho kinarudi kichwani kwenye anwani ile ile. Ulinganisho unaona A na kuridhika. Hakuna kizuizi cha kumbukumbu kinachotibu hili. Unahitaji namba ya toleo kando ya kielekezi, au kuchelewesha uachiaji hadi wasomaji wote wawe wametoka, kwa utaratibu wa Linux uitwao RCU.

Kitu kimeachiwa huku bado kinatumika

Ikiwa logi inasema `refcount_t: underflow; use-after-free.` shukuru. Mtu alikutangulia kufikiri. Kabla ya Linux 4.11 ya 2017, hesabu ya marejeo, yaani ya wangapi bado wanakitumia kitu, ilikuwa `atomic_t` tupu, ambayo hupinduka kimyakimya. Hitilafu ya CVE-2016-0728 katika mfumo wa funguo wa Linux ilikuwa hiyo hasa: njia moja ya msimbo ilisahau kupunguza hesabu, hesabu ya biti 32 ikaongezwa hadi ikapinduka kurudi sifuri, kitu kikaachiwa kikiwa bado mikononi mwa mtu, na mtumiaji wa kawaida akaweza kupata mamlaka ya mkuu wa mfumo. `refcount_t` ikikaribia kupinduka hujishikiza mahali pa juu na kubaki hapo. Kumbukumbu inavuja, lakini haiachiwi kwa makosa.

Kwa hiyo kama kifungashio chako cha marejeo bado kina `atomic_t` ndani, kibadilishe kwanza, halafu ndiyo utafute chanzo. Ujumbe wenyewe utakuelekeza. `addition on 0` maana yake mtu amepata kielekezi kwenye jedwali na kuongeza rejeo kwa kitu ambacho tayari kinakufa; njia ya utafutaji itumie `refcount_inc_not_zero` na ikubali jibu la "hapana". `underflow` ni kupunguza mara mbili, na mara nyingi kumejificha kwenye njia ya makosa, pale fanksheni ilipoachia rejeo na mwitaji naye akaliachia. `saturated` ni uvujaji: tafuta `return` ya mapema.

Mpangilio nao una kanuni yake hapa. Kuongeza hakuhitaji mpangilio, kwa sababu anayeongeza tayari ana rejeo. Kupunguza lazima kuachie, na anayefikisha sifuri lazima achukue kabla ya kuharibu kitu, asije akakiharibu huku maandishi ya mwenzake bado yako njiani. `refcount_dec_and_test` inafanya hivyo. Ukiiandika mwenyewe kwa aina za `_relaxed` kwa sababu umesoma mahali kwamba ni nyepesi, unajitafutia.

Nusu ya thamani, au kerneli kuanguka

Kaunta ya biti 64 kwenye kichakataji cha biti 32 ikisomwa kwa kawaida husomwa mara mbili, na katikati mtu anaweza kuandika. Utaona namba yenye nusu ya juu ya jana na nusu ya chini ya leo. Tumia `atomic64_t` hata kwa kusoma tu. Kumbuka pia kwamba kwenye baadhi ya vichakataji vya biti 32 hiyo inaigwa kwa kufuli, hivyo usiiite ndani ya intarapti isiyozuilika: ikiingia wakati kiini hicho hicho kimeshika kufuli hiyo, kitasubiri nafsi yake.

Kuanguka kwa kosa la mpangilio wa anwani kwenye ARM64 karibu kila mara ni strakti iliyobanwa kwa `packed`, ambamo mtu ametia uga wa atomiki. Kwenye x86 msimbo huo huo hauanguki. Unatambaa, kwa sababu atomiki inayokatiza mistari miwili ya kashe hulazimu kufunga basi zima (bus, njia ya kumbukumbu inayotumiwa na viini vyote); Linux 5.7 na kuendelea huweza kulitambua hilo na kutoa onyo kwenye vichakataji vinavyoliunga mkono. Kwenye i386 nambari ya biti 64 ndani ya strakti hupangwa kwa baiti 4 tu, kwa hiyo kifungashio kitamke chenyewe `__aligned(8)`.

Na kama uga uko kwenye kumbukumbu ya kifaa iliyopatikana kwa `ioremap`, usiuguse kwa atomiki kabisa. Kuna `readl` na `writel` pamoja na kufuli ya kawaida. Vivyo hivyo data inayosomwa na kifaa kwa DMA, yaani moja kwa moja kutoka kumbukumbu bila kupitia kichakataji: vizuizi vya familia ya `smp_` hulinda viini dhidi ya viini, na kerneli ikijengwa kwa kichakataji kimoja hubaki vizuizi vya kompaila tu. Kwa kifaa tumia `dma_wmb` na `dma_rmb`.

Kifungashio cha Rust juu ya atomiki za C

Lugha ya Rust iliingia Linux kwenye toleo 6.1 la Desemba 2022, na tangu hapo kuna kundi jipya la dalili. Kubwa ni hili: thamani upande wa Rust haibadiliki ingawa C inaibadilisha. Sababu yake mara nyingi ni kifungashio kilichotengeneza `&i32` juu ya uga ambao C inauandika. Kwa Rust rejeo la namna hiyo ni kiapo kwamba thamani haitabadilika likiwa hai, na kompaila inakiamini kiapo. Uga ukae ndani ya `UnsafeCell` na uguswe kwa kielekezi ghafi.

Kosa la kimyakimya zaidi ni kutumia atomiki za maktaba ya `core` upande mmoja na za kerneli upande wa pili kwa kigeu kile kile. Zinafuata modeli mbili tofauti za kumbukumbu, na hakuna kati yake inayosema mchanganyiko huo una maana gani. Upande wa Rust upitie operesheni zile zile za kerneli.

Halafu kuna aina zenyewe. Kifungashio kinachopokea aina yoyote kitakubali `bool`, mtu ataongeza 1 juu ya `true`, na baiti itakuwa 2, thamani ambayo `bool` ya Rust haina ruhusa ya kuwa nayo. Kitakubali pia strakti yenye baiti za kujazia, na ulinganisho utashindwa kwa sababu ya takataka zilizo kwenye nafasi zisizo na maana. Ruhusu kujumlisha kwa namba tu, na kulinganisha kwa aina zisizo na mapengo.

Zana ziko kimya

KCSAN, zana ya ukaguzi iliyoingia Linux 5.8 mwaka 2020, hushika migongano ya data kwa sampuli: huweka mtego kwenye anwani, husubiri kidogo, huona nani amepita. Kwa hiyo kimya cha dakika tano si ushahidi. Iache ikimbie usiku kucha chini ya mzigo. Ikiwa kimya hakieleweki, angalia kama kifungashio kinaita `raw_atomic_` (au `arch_atomic_` kwenye kerneli za zamani) moja kwa moja. Familia hiyo huruka ukaguzi wa KCSAN na wa KASAN (mwenzake anayeshika matumizi mabaya ya kumbukumbu), na mahali pake ni msimbo wa mapema wa intarapti ambao hauruhusiwi kukaguliwa. Usizime ripoti kwa `data_race` kabla hujaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini mgongano huo hauna madhara.

Kwa maswali ya mpangilio, zana bora haihitaji hata mashine. Saraka ya `tools/memory-model` ndani ya Linux ina modeli rasmi ya kumbukumbu, tangu 4.17. Punguza kifungashio chako hadi nyuzi mbili za mistari mitatu mitatu, kisha uliza `herd7`, programu inayoipima mipangilio yote dhidi ya modeli hiyo, kama matokeo mabaya yanawezekana. Kisa changu cha `clear_bit` kingejibiwa hapo kwa dakika chache badala ya siku tatu.

Kila kitu sahihi, ila polepole

Kama kasi inashuka kadiri viini vinavyoongezeka, pengine kaunta mbili zisizohusiana zinakaa kwenye mstari mmoja wa kashe wa baiti 64, na viini vinanyang'anyana mstari huo. `perf c2c` itakuonyesha mstari na nyuga zake. Zitenganishe kwa `____cacheline_aligned_in_smp`. Ikiwa ni kaunta moja tu inayogombaniwa na wote, kutenganisha hakutasaidia. Ipe kila kiini kaunta yake na uzijumlishe pale mtu anapouliza. Kwa kitanzi cha kufuli, soma kwanza kwa `atomic_read` na ujaribu kubadilisha pale tu thamani inapoonyesha kuna tumaini, kwa sababu jaribio linaloshindwa nalo huuvuta mstari wa kashe upande wake.